Jangwa Halikulaaniwa: Kwa Nini Mimea ni Michache Katika Nchi Kame, na Haki Yatudai Nini

*Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei katika semina ya Haki na Amani*





Katika ukame mkubwa ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kuendelea hadi mwanzoni mwa 2023, misimu mitano ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha katika kaskazini ya Kenya, kusini ya Ethiopia na Somalia. Katika Kenya peke yake mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Parokia zetu za nyanda za juu ziliombwa mchango, nasi tukapita katika jumuiya tukikusanya mahindi na maharagwe. Watu walitoa kwa ukarimu, na tunawashukuru. Lakini karibu kila mahali tulipofika tuliulizwa swali lile lile, mara nyingine kwa sauti ya chini, mara nyingine waziwazi mbele ya watu: "Padre, hawa watu wana nchi kubwa kuliko sisi sote. Mbona hawalimi? Tutawalisha hadi lini?"

Swali hilo hatukulijibu vizuri siku zile. Tulisema maneno ya huruma, tukafunga magunia, tukaenda zetu. Leo tumekuja kulipa deni. Maana swali hilo si baya. Ubaya ni kuliacha bila jibu, kwa kuwa swali lisilojibiwa hugeuka kuwa hukumu. Na hukumu yenyewe tunaijua: kwamba watu wa jangwani ni wavivu, au kwamba nchi yao imelaaniwa. Basi tuiangalie nchi hiyo kama ilivyo, tuulize kwa nini haizai sana, kisha tuone haki inatudai nini.

1. Tuione nchi yenyewe

Tuanze na kipimo. Wataalamu wa mimea hupima uzazi wa nchi kwa kuhesabu ni kiasi gani cha mimea, ikisha kukaushwa, kinaongezeka kwa mwaka mmoja juu ya kipande cha ardhi chenye meta moja kila upande. Katika msitu wa mvua wa nchi za joto, kipande hicho huongeza kwa wastani gramu 2,200 hivi, yaani zaidi ya kilo mbili. Mbuga yenye nyasi na miti huongeza kama gramu 900. Vichaka vya jangwa na nusu jangwa huongeza gramu 90 hivi, kiasi kinachoenea katika viganja viwili. Na jangwa tupu la mchanga na mawe huongeza gramu chache mno, ambazo hata mizani ya dukani haizioni.

Nchi ya namna hiyo haiko mbali nasi. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame. Magharibi ya Marsabit liko jangwa la Chalbi, uwanda uliokuwa ziwa hapo kale, ambao leo umebaki udongo mgumu uliofunikwa na chumvi nyeupe. Lakini katika kaunti ile ile unasimama Mlima Marsabit, wenye msitu mnene, ukungu wa asubuhi na miti iliyovaa kuvu. Kati ya msitu huo na ukingo wa Chalbi ni kilometa zisizofika mia moja. Jua ni moja. Watu wa pande zote mbili ni wachapa kazi kama sisi. Tofauti kubwa ni maji: mlima unayakamata mawingu, nao uwanda hauna cha kuyakamatia.

2. Pipa moja la maji

Ni kwa nini basi mvua inapita bila kuanguka? Upepo utokao Bahari ya Hindi huingia katika bonde pana lililo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Kenya. Humo hubanwa na kwenda mbio, kama maji ya mto yapitapo penye mwamba. Hewa ya namna hiyo haipandi juu kwa urahisi, na hewa isiyopanda haitengenezi wingu la mvua. Unyevu unapita juu ya vichwa vya Waturkana na majirani zao, ukaenda kunyesha mahali pengine.

Tuchukue mji wa Lodwar. Mvua ya mwaka mzima hapo ni kama milimita 200, yaani kimo kisichofika shubiri ya mtu mzima. Kwenye meta moja ya mraba hizo ni lita 200: pipa moja. Ndugu zetu wa Kericho hupata mapipa tisa au kumi juu ya kipande kama hicho. Na huko Turkana jua pamoja na upepo vina uwezo wa kukausha mapipa zaidi ya kumi kwa mwaka. Mbingu inatoa pipa moja. Jua linadai kumi. Hiyo ndiyo hesabu ya jangwa, na hakuna jembe linaloweza kuibadilisha.

Lakini tusiishie hapo, maana mtu aweza kuuliza: hata hilo pipa moja, mbona halizai zaidi ya viganja viwili? Swali zuri. Jani la mmea lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwa vitundu hivyo mmea huvuta hewa ukaa, ambayo kwa nguvu ya jua huigeuza kuwa chakula na mwili wake. Lakini mlango uliofunguliwa kumpokea mgeni humpisha na mwizi: hewa ukaa inapoingia, maji hutoka. Kwa mimea iliyo mingi, gramu moja ya mwili mkavu hugharimu maji gramu mia mbili hadi mia tano, pengine zaidi. Kwa hesabu ya gramu mia nne, pipa letu lingetosha kujenga nusu kilo ya mimea. Tunapata gramu 90. Maji mengine yamekwenda wapi?

Mengine hayakufika kwenye mzizi kabisa. Mvua ndogo ya milimita mbili au tatu hulowesha vumbi tu, na kabla ya jioni imekwisha kurudi hewani. Mvua kubwa nayo huja kwa hasira: hupiga udongo ulio wazi, huufunga kama sakafu, halafu maji hukimbilia kwenye makorongo ambayo watu wa huko huyaita laga, yakiwachukua mara nyingine hata wanyama na watu. Kati ya mvua iliyo ndogo mno na mvua iliyo kubwa mno, mmea hupata kidogo. Na kati ya vichaka pana nafasi tupu, ambapo jua hunywa maji ya ardhi bila jani lolote kufaidika.

Jambo la tatu ni kwamba maji hayo hayana ahadi. Mwaka 1973 mtaalamu wa ikolojia Imanuel Noy-Meir alieleza jangwa kuwa ni mahali ambapo maji hutawala kila kitu, na maji yenyewe huja kwa vipindi, mara chache, bila kutabirika. Sisi wa nyanda za juu tunajua takriban juma ambalo mvua ya masika itaanza. Kule mwaka mmoja waweza kuleta mapipa mawili, na mwaka unaofuata nusu pipa. Tena mvua hunyesha upande mmoja wa bonde, na upande wa pili usione hata tone. Mkulima aliyepanda mahindi mahali pamoja amefungwa mguu hapo. Mvua ikinyesha ng'ambo, yeye huitazama tu.

3. Udongo nao una deni

Wengi hudhani kwamba ukileta maji jangwani mambo yote yamekwisha. Sivyo. Miaka ya 1970 watafiti wa Mali na Uholanzi walichunguza malisho ya Saheli, kusini ya jangwa la Sahara. Waligundua jambo lililowashangaza wengi: pale ambapo mvua inazidi kiasi cha milimita 250 au 300 kwa mwaka, kinachozuia nyasi kukua mara nyingi si maji tena, bali ni upungufu wa naitrojeni na fosforasi katika udongo. Maji yapo, chakula hakipo.

Tunaelewa ilivyo katika mashamba yetu. Rutuba hutokana na majani yaliyoanguka, mizizi iliyooza, samadi, wadudu na bakteria. Mahali penye mimea michache huanguka majani machache. Penye majani machache mboji ni haba. Penye mboji haba mimea ni michache. Umaskini huzaa umaskini. Tena viumbe vinavyoozesha takataka huhitaji unyevu navyo. Wakati wa kiangazi hulala, na rutuba hulala pamoja navyo. Ndiyo maana chini ya mgunga mmoja mkubwa, mahali ambapo mbuzi hupumzika na majani huanguka, utaona nyasi nzuri, na hatua kumi kutoka hapo ni kokoto tupu.

Kisha kuna chumvi. Maji yanapokauka huacha chumvi juu ya ardhi, kama sufuria inavyobaki na ukoko mweupe. Ndivyo ilivyokuwa Chalbi. Mwaka 2013 ilitangazwa kwa shangwe kwamba maji mengi sana yamegunduliwa chini ya ardhi ya Turkana, hasa Lotikipi. Uchimbaji uliofuata ulionyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi. Furaha ilikuwa ya kweli, nayo huzuni ilikuwa ya kweli. Tunajifunza hapo kwamba nchi hii haikubali majibu ya haraka.

Na mchanga, ambao sisi tunaudharau, una heshima yake jangwani. Katika nchi ya mvua nyingi mfinyanzi ni bora, kwa kuwa hushika maji. Katika nchi kame mambo hugeuka: mchanga huyapokea maji upesi na kuyashusha chini, ambako jua halifiki, wakati mfinyanzi huyaweka juu, yakakauka. Mkulima wetu akipelekwa kule angechagua shamba baya na kuliacha zuri. Elimu ya mahali pamoja ni ujinga mahali pengine.

4. Mimea yenye busara, na watu waliojifunza

Mimea ya jangwa haikuumbwa dhaifu. Imechagua njia nyingine ya kuishi: si kukua upesi, bali kutokufa. Kuna mimea midogo ambayo mbegu zake hulala ardhini miaka kadhaa zikingoja mvua ya kutosha. Ikinyesha, huota, huchanua na kutoa mbegu kwa majuma machache, kisha huondoka. Kuna migunga inayopeleka mizizi mbali sana chini, ikikua pole pole na kujikinga kwa miiba. Kuna mishubiri na mipungate inayofunga vitundu vyake mchana na kuvifungua usiku, wakati wa baridi, ili maji yasitoke. Hata mkonge na nanasi hufanya hivyo. Lakini kila ulinzi una bei yake. Nguvu inayotumika kujenga mzizi, mwiba na ghala la maji haijengi jani. Kwa hiyo uzazi mdogo wa jangwa ni kwa sehemu matokeo ya akili ya mimea yenyewe: imeweka akiba badala ya kutumia.

Na watu wa nchi hiyo wamefanya vivyo hivyo. Kwa kuwa malisho hutokea leo hapa na kesho pale, nao huhama na mifugo yao. Kwa kuwa ng'ombe hula nyasi, mbuzi hula vichaka na ngamia hufikia matawi ya juu, huchanganya wanyama, ili kimoja kikikosekana kingine kipatikane. Ngamia hutoa maziwa hata ng'ombe wakiwa wamekauka. Mfugaji huazima wanyama kwa ndugu na marafiki walio mbali, si kwa kupenda kutawanya mali, bali kwa sababu ukame haupigi mahali pote kwa nguvu moja. Hiyo ndiyo benki yake.

Huko Turkana, kando ya mito, familia zina haki juu ya sehemu za msitu zinazoitwa ekwar. Matunda ya mgunga huanguka wakati wa kiangazi kikali, ambapo hakuna kingine cha kulisha mbuzi, na kila familia inajua mipaka ya ekwar yake ingawa hakuna ua wala hati. Mwaka 1988 watafiti James Ellis na David Swift waliandika juu ya Waturkana wa kusini, wakaonyesha kwamba katika nchi ambayo ukame huja mara kwa mara, mifugo haifikii idadi ya kuimaliza nchi, kwa sababu ukame wenyewe huipunguza. Watu waliodhaniwa kuwa waharibifu walikuwa wakiishi kwa kufuata mwendo wa nchi yao.

Basi, ndugu wapendwa, "Mbona hawalimi?" Jibu ni kwamba mahali pa maji wengine wao hulima, hasa mtama kando ya mito baada ya mafuriko. Lakini kwa sehemu kubwa wanaifanya kazi ambayo nchi hiyo inaikubali: kukusanya, kwa miguu ya wanyama, zile gramu 90 zilizotawanyika juu ya ardhi pana, na kuzigeuza kuwa maziwa na nyama. Nchi kubwa tunayowaonea wivu si kubwa. Ukiipima kwa majani badala ya ekari, ni ndogo sana.

Hatusemi kwamba kila kitu huko ni chema. Wizi wa mifugo kwa bunduki ni dhambi na ni msiba. Kukata migunga kwa ajili ya makaa ni kula mbegu. Lakini tusihukumu jumuiya nzima kwa makosa ya baadhi yao, maana sisi nasi hatungependa kuhukumiwa hivyo.

5. Makosa yaliyotendwa, mengine kwa nia njema

Mwaka 1965 Serikali ya Kenya ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10 juu ya ujamaa wa Kiafrika na mipango ya maendeleo. Ndani yake ilikatwa shauri kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza mahali ambapo zitaleta ongezeko kubwa la mazao: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme. Wale wa nchi kame wangefaidika baadaye. Kwa mwenye duka, hiyo ni hesabu nzuri. Lakini taifa si duka. Mtoto wa North Horr hakuchagua milimita za mvua zitakazonyesha alikozaliwa. Tulipima thamani ya watu kwa uzazi wa udongo wao, na miaka mingi ikapita bila barabara, bila shule, bila hospitali. Kisha tukawacheka kwa kuwa wako nyuma.

Wengine walikwenda kusaidia bila kuuliza. Visima virefu vilichimbwa ili watu wakae mahali pamoja. Mradi wa utafiti wa nchi kame ulioanzishwa na UNESCO huko Marsabit mwaka 1976 ulionyesha matokeo yake: mifugo ilikusanyika kuzunguka maji na makazi, miti ikakatwa, ardhi ikabaki uchi, huku malisho ya mbali yakikaa bila kuliwa. Maji yaliletwa mahali pasipo na majani, nayo majani yakabaki mahali pasipo na maji.

Na nani asiyeujua mti wa mathenge? Uliletwa Baringo miaka ya 1980 ili kuipa nchi kame kuni na kivuli. Ulistawi kweli. Ulistawi hata ukafunga njia, ukameza malisho, na matunda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 watu wa Ilchamus walikwenda mahakamani, wakampeleka mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Wengine walicheka. Sisi tunaona kwamba mbuzi yule alitoa hotuba bora kuliko hii yetu: si kila kijani ni baraka.

6. Nchi isiyozaa sana si nchi tupu

Hatari ya siku hizi ni nyingine. Upepo ule ule unaokausha majani na kuifukuza mvua umeonekana kuwa na faida. Karibu na Loiyangalani zimesimamishwa mashine 365 za kuzalisha umeme kwa upepo, na mradi huo ulizinduliwa rasmi mwaka 2019. Umeme ni kitu chema, nasi hatuupingi. Lakini ekari 150,000 zilitengwa kwa ajili yake, na mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilitolewa bila kufuata sheria. Inakuwaje ardhi kubwa kiasi hicho igawanywe bila wenyewe kushirikishwa ipasavyo? Ni kwa sababu ya neno moja dogo: "tupu". Mtu akipita kwa gari wakati wa kiangazi na asione shamba wala ua, husema nchi hiyo ni tupu. Hajui kwamba ndiyo malisho ya mwaka ambao mvua itanyesha hapo. Ghala lililofungwa si ghala lisilo na mwenyewe.

Wahenga wa pwani walikuwa na methali: Mgala muue na haki umpe. Wagala waliowataja ni ndugu wa Waborana na Wagabra wa leo. Methali hiyo ilisemwa zamani za uadui, na hata hivyo ilikiri kwamba adui naye ana haki. Sisi tuliobatizwa hatuwezi kubaki nyuma ya wahenga hao. Twasema: haki umpe, wala usimwue, usimwue kwa risasi, wala kwa njaa, wala kwa dharau.

7. Yatupasa nini?

Kwanza, tutubu katika maneno yetu. Neno "wavivu" lisisikike tena katika mikutano yetu tunapokusanya mchango. Mtu anayetembea siku mbili kufuata maji na mifugo hana la kujifunza kwetu juu ya bidii.

Pili, tusaidie mapema. Gunia la mahindi linalofika baada ya ngamia kufa humwokoa mtu, lakini humwacha maskini. Kuna njia za kuwahi. Mwezi wa Januari 2010 ilianzishwa huko Marsabit bima ya mifugo ambayo hupima kutoka angani, kwa satelaiti, jinsi nchi ilivyo kijani. Kijani kikipungua kupita kiasi, mfugaji hulipwa. Tuunge mkono mipango ya namna hiyo, pamoja na barabara na masoko ya kuuza mifugo ikiwa bado ina nyama.

Tatu, tuzijue sheria na kuzitetea. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 204, iliweka Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyosahauliwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaruhusu jamii kusajili ardhi yake. Sheria isiyodaiwa hulala kama mbegu isiyopata mvua. Viongozi wetu wa siasa wanapokuja kuomba kura huku juu, tuwaulize pia wamefanya nini kuhusu watu wa kule.

Nne, na hili ndilo gumu, tujitazame wenyewe. Mto Turkwel unaanzia Mlima Elgon na milima ya Cherangani. Mto Kerio nao unatoka huku huku nyanda za juu. Ile migunga ya ekwar, inayolisha mbuzi wakati hakuna kingine, hunywa maji yanayotoka kwetu. Tunapofyeka msitu wa chanzo cha mto ili kuongeza magunia matatu ya viazi, mama mmoja aliye mbali, ambaye hatutamwona kamwe, anapoteza kivuli na maziwa. Kisha mwaka wa ukame tunampelekea debe la mahindi, nasi tunajiona wakarimu. Ndugu, tulichompa ni kidogo kuliko tulichomchukulia.

Kwa hiyo, mtu akituuliza tena, "Tutawalisha hadi lini?", tumjibu hivi: hadi tutakapoacha kuwanyima. Mungu aliyeuumba msitu wa Marsabit ndiye aliyeuumba uwanda wa Chalbi, na hakukosea katika lolote. Aliipa nchi hiyo kidogo, akawapa watu wake akili ya kuishi kwa hicho kidogo. Wajibu wetu ni kutokipunguza.

Amani ya Kristo iwe nanyi.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Ni maneno gani ya dharau tunayoyatumia juu ya watu wa nchi kame? Yametoka wapi?

2. Ni sababu zipi zinazofanya mimea iwe michache jangwani? Ni ipi kati ya hizo ambayo hatukuijua kabla?

3. Kuna chanzo gani cha maji katika eneo la parokia yetu? Nani anakitegemea huko chini, na hali yake ikoje leo?

4. Jumuiya yetu itafanya jambo gani moja kabla ya kiangazi kijacho, na nani atalisimamia?